Migongo ya Batoto ba Madame

Tantine Aline,

Mi sijui barua ya mtu aliyekufa inaanza namna gani. Shule niliiacha kabla ya kufika hilo somo, na we mwenyewe njo uliyesema nisirudi kama mwalimu ananichapa kila siku, kwa hiyo kosa lolote la kuandika utakaloliona humu, nusu ni lako. Nimekaa kwenye kiti chako, mbele ya mashine yako ya kushona. Makalio yako yamekichimba hiki kiti, mi nazama humo kama mtoto kwenye beseni.

Usiniulize kama nakula. Nakula. Nsima napika mwenyewe na haina mabonge kama yako. Sikukwambia ulipokuwa hai kwa sababu mkono wako ulikuwa wa haraka.

Nina habari moja tu, ila ni ndefu, na katikati yake kuna kitu nilichofanya mimi. Nitafika hapo. Usinisukume.

Batoto ba Madame balitoka.

Najua ulivyosubiri. Tangu yule jirani Mhabeshi apande ndege kwenda Kanada akakuachia kobe wake wawili mlangoni, kama mtu anavyoacha viatu, ulikuwa unawatazama kila asubuhi kama bibi harusi na bwana harusi waliochelewa kuleta habari. Dume ukamwita Directeur, kwa sababu alizunguka uani kutwa nzima na kazi hatukuiona. Jike ukamwita Madame. Kambi nzima ya Dzaleka wakakuita Mama Kobe, na we ukacheka. Hukuzaa, Tantine, na kila mara ulilisema mwenyewe kabla mtu hajalisema nyuma ya mgongo wako: "Mi Mungu alininyima ya tumbo, akanipa ya gamba." Watu wakicheka, mi nilikuwa natazama chini. Mi pia nilikuwa wa kupewa, mtoto wa dada yako, lakini kwa kuwa sikuwa na gamba sikuhesabiwa kwenye utani.

Halafu mwezi wa nne, mvua ikikatika, Madame akachimba nyuma ya jiko. Akalowesha udongo kwa mkojo wake, akachimba kwa miguu ya nyuma mpaka jua likaenda upande, akaweka mayai tisa. Uliyahesabu ukiwa umelala kifudifudi, kitenge chako cha kanisani kwenye matope. Akafukia, akapakanyagakanyaga, akaenda zake kula majani ya maboga kama mtu aliyetoka kumwaga takataka. Ukaniita: "Fiston! Pale kusipite mutu. Kuko bantu banalala. Nitaweka alama." Mi nilikuwa kwenye simu. Nikasema ndiyo Tantine, ile ndiyo yangu unayoijua, kichwa bila kuinuka.

Mwezi wa saba, we ukafa. Ulianguka juu ya mkono wa yunifomu ya shule, mguu ukiwa bado kwenye pedali. Presha, walisema. Mama Josiane njo aliyepiga kelele, yeye aliyeshona pembeni yako miaka sita, mkigawana uzi, sabuni na masengenyo. Mi nilikuwa nacheza mpira. Nilikuwa nimefunga mawili. Nilikimbia kuja kukwambia, na sio kwa sababu nilisikia kelele.

Kilio chako kilikuwa kikubwa. Najua unapenda kusikia hilo. Bukavu yote ya Dzaleka ilikuja, na nusu ya Burundi, na Wamalawi wa kijiji cha jirani waliokushonea sketi... tazama, nimeandika kinyume, we njo uliwashonea. Upepo wa mwezi wa saba unaujua, unaingia mpaka kwenye jino. Na kwetu kilio bila moto ni kama kuwafukuza watu. Moto unawashwa mwili ukingali nyumbani, na hauzimwi mpaka siku tatu zipite baada ya kuzika, na anayeulinda ni kijana wa nyumba ile. Nyumba yetu ilikuwa na kijana mmoja.

Niliulinda, Tantine. Kuni nilizitoa sijui wapi, hata mlango wa choo cha zamani niliupasua. Haukuzima hata kidogo. Shemasi Ezekieli, yule Mrundi wa kanisani kwenu asiyesifu hata mvua, alinyoosha mikono yake juu ya ule moto akasema: "Uyu mwana anajua moto." Mi nikavimba. Ulikuwa umelala ndani umefunikwa shuka, na mi nje nimevimba kwa sababu ya moto. Tangu hapo wakawa wananiita kwenye vilio vya watu wengine. Fiston wa Moto. Nilikuwa na jina, mimi.

Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili ikanyesha, udongo ukalainika, na asubuhi nikamkuta Directeur amesimama nyuma ya jiko, shingo nje, kama mwanaume aliyeitwa wodi ya maternité bila kuelezwa sababu. Walikuwa wanne, wameshatawanyika kwenye matope, na shimo walilotokea sikulitafuta. Wadogo kama kifuniko cha kopo la mafuta ya kupaka. Mmoja bado alikuwa na kipande cha ganda la yai kichwani. Nilikaa kwenye matope nikalia, lakini kidogo, na mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo hakuna ushahidi.

Halafu nikaona migongo.

Unakumbuka ile siku niliyosema hesabu haina faida, ukanishika sikio ukanihesabisha mgongo wa Madame? Vigae vitano katikati, mstari mmoja umenyooka. Vinne huku, vinne huku. Na watoto wa kobe wa aina yake huzaliwa hivyo hivyo, njano yenye madoa meusi, kila kigae mahali pake. Hawa, hapana. Wa kwanza alikuwa na saba katikati. Wa pili, vigae vimepasuka nusu nusu vikakaa zigizaga, kama mshono wangu ile siku uliyonipa zipu nijaribu. Wa tatu alikuwa na kigae chembamba kilichojichomeka kati ya viwili kama mtu anayeruka foleni ya mahindi. Na wa nne, mistari ilikatana ikaacha kigae kimoja kirefu katikati ya mgongo, chembamba kichwani, kipana mabegani, chembamba tena miguuni.

Mi niliona chapati iliyokatwa na mlevi. Mama Josiane, aliyekuja kuomba chumvi, aliona sanduku la maiti.

"Aka kamebeba sanduku ya Aline," akasema. Chumvi hakuchukua tena.

Kufika saa sita uani palijaa kuliko siku uliyokufa. Waliinama, walinyoosha vidole, hakuna aliyegusa. Na hapo njo nilisikia vitu, Tantine, ambavyo kumbe vilikuwa vimekaa midomoni mwao siku zote, vinasubiri tu ufe. "Aliita kobe batoto bake. Mutu muzima!" "Mutu asizae, na asilie, ginsi gani?" "Batoto ba bantu alibafungia humo kwenye gamba." Mama fulani ambaye mimba yake ilitoka miaka miwili nyuma akakumbuka kwamba ulimpimia gauni. Ulimpimia gauni, basi. Futi kamba yako ikawa kamba ya uchawi.

Mama Josiane hakuwazuia. Alisema, kwa sauti ya mtu mwenye huruma nyingi: "Mi nilikaa naye pembeni, mi njo najua." Anajua nini? Anajua ulimpa nusu ya unga wako kila mwezi mwaka ule mtoto wake alilazwa. Hilo hakulisema.

Shemasi akaja jioni. Yeye hakupiga kelele, heri angepiga. Alikaa, akakunja kofia yake, akaniambia maombi ya kuondoa kilio yatangoja. We unajua maana yake. Hapa kwetu mtu anazikwa na kijiti chenye namba, na siku ya kuondoa kilio njo anapandiwa msalaba wenye jina. Bila siku hiyo, Tantine, we ni kijiti. Nikamuuliza kwa nini. Akasema: "Mwana, hatuwezi kuandika jina kama hatujui ni la nani." Miaka tisa ulifagia kanisa lake. Halafu akasema nimletee wale wanne kesho awachome kwa maombi.

Nilimwambia nimeshawatupa mtoni. Uongo unatoka kwangu kama jasho, unajua. Nikawaweka kwenye kopo lako la vifungo, nikatoboa kifuniko kwa msumari, na alfajiri nikapanda baiskeli ya kabaza mpaka barabara kubwa. Karatasi ya kutoka kambini sikuwa nayo. Lumbadzi nikashuka kwenye minibasi nikapita kwa miguu nyuma ya maduka, kwa sababu mbele kidogo polisi huwa wanauliza hizo karatasi, nikapanda nyingine, nikafika Kawale, mjini, nikiwa na vumbi mpaka kwenye meno.

Sitakudanganya, we peke yako sitakudanganya. Sikwenda kukutetea. Nilikwenda kuwauza. Nilisikia sokoni Kawale kuna jamaa ananunua wanyama wa ajabu, na mi nilikuwa nimechoka, nilikuwa naogopa kulala kwenye nyumba yetu wenyewe, na kuna saa moja hivi, kwenye ile njia, mi pia niliwaza: labda. Labda Tantine kweli alikuwa na kitu. Nisamehe hiyo saa moja.

Jamaa sikumpata. Nilipumzika mlangoni kwa mama mmoja daktari wa wanyama, anayechanja kuku na mbwa. Kopo likakwaruza. "Iwe!" akaniita, Kichewa chake kikali kama pilipili. "Umeficha nini humo?" Nikafungua. Nilitegemea apige ishara ya msalaba. Alivaa miwani, akawageuza mmoja mmoja kama mtu anayechagua nyanya, akasema: "Ni joto hili. Mama, baba, wana migongo mizuri?" Nikasema ndiyo. Akasema basi ni joto. Yai la kobe likipata joto kupita kiasi, au udongo ukikauka sana, wakati mgongo wa mtoto ndani unapangwa, vigae vinapangwa vibaya. Vinazidi, vinapasuka, vinabanana. Akaniambia ameona wengi. Akaniambia watoto wenyewe wazima, niwape maji. Halafu akavua miwani: "Nani aliwasha moto karibu na mayai?"

Nikacheka, Tantine. Nikamwambia, mama, mjinga gani atawasha moto juu ya mayai?

Mdomo wangu ukabaki wazi vile vile, na kicheko kikiwa bado ndani.

Mawe matatu. Alama yako ilikuwa mawe matatu.

Siku ile ya kilio nilitafuta mahali pa moto penye kukinga upepo, na kwetu ni pale tu nyuma ya jiko. Nikakuta mawe matatu yamekaa vizuri, yanatazamana, nafasi sawa sawa, kazi ya mtu mwenye jicho la kushona. Nilifikiri ulikuwa umeanza jiko la nje. Unajua nilikushukuru? Nilisema moyoni, huyu Tantine hata kufa kwake amenipangia. Nikaweka kuni katikati. Mtu gani aliyekulia kambini ataona mawe matatu akafikiria mayai? Tulipofika hapa, kabla ya ukuta, kabla ya turubai, kitu cha kwanza ulichokijenga kilikuwa mawe matatu na sufuria juu. Na we, fundi mwenye akili zote, kwa nini hukuweka manne! Manne tu, Tantine! Au fimbo yenye kitambaa! Nimekugombeza njia nzima kutoka Kawale, watu kwenye minibasi wakasogea.

Na mi ningeinua kichwa kwenye simu. Najua. Usiseme.

Nilipofika nikachimba. Yale manne ya chini kabisa njo yaliyopona. Matano ya juu yalikuwa bado pale, maganda meupe yamekauka, ndani kitu kigumu cha rangi ya jivu. Matano. Niliyapika chini ya kilio chako, na watu walinyoosha mikono yao juu yake wakasema moto mzuri. Mama Josiane alichoma mahindi pale.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa njo nataka unisifu, hakuna mwingine atakayenisifu. Ningeweza kunyamaza. Fiston wa Moto angebaki na jina lake, na we ungebaki kijiti. Siku tatu nilifikiria hivyo. Sio dakika tatu kama kwenye hadithi za shujaa. Siku tatu. Ya nne ilikuwa Jumapili.

Nilisukuma yale mawe kwenye toroli mpaka nje ya kanisa, wakiwa wanatoka. Bado meusi ya masizi. Nikayapanga chini kama ulivyoyapanga, na katikati sikuweka kitu. Nikauliza kwa sauti: "Hii ni nini?" Watu wakanitazama kama mlevi. Nikauliza tena. Shemasi akasema, "Mwana, si ni moto?" Na wengine wote: moto, moto, hata batoto badogo. Nikasema: "Tantine Aline alisema ni mayai."

Halafu nikasema yote. Simu, kuni, daktari wa Kawale. Nikatoa yale matano kwenye mfuko nikayaweka katikati ya mawe, moja moja. Nikatoa wale wanne kwenye kopo. Nikasema huyu hajabeba sanduku, huyu amebeba joto langu. Nikasema kama mnataka mchawi, mchawi aliyewachoma huyu hapa, ana miguu mizuri na alifunga mawili siku ile.

Nilisubiri mtu mmoja aseme tu, ole wetu. Mmoja tu.

Mama Josiane njo alisema: "Kumbe ni weye ulibapika!"

Wakacheka. Kanisa zima, Tantine. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Njo hivyo jina lako lilivyosafishwa: kwa kicheko, na kicheko chenyewe juu yangu. Hakuna aliyesema tulikosea. Yule mama wa gauni alifuta machozi ya kucheka akaenda zake. Shemasi alikohoa, akakunja kofia, akasema, "Basi. Jumamosi." Neno lake lote la toba ni hilo. Jumamosi.

Na Jumamosi walikuja kuondoa kilio, wakala. Mama Josiane alilia kuliko wote, amevaa kitenge cha sare alichokishona kwenye mashine yako, bila kuniomba. "Aline alikuwa dada yangu," anawaambia watu. Mi nilikuwa napakua. Mkono wangu ulitaka kumwaga mchuzi wote kwenye kile kitenge. Haukumwaga. Nilimpa mfupa usio na nyama, njo uwezo wangu, nikamwambia: "Pole, Mama Josiane. Ulipoteza dada, ukaokota sanduku." Akautafuna ule mfupa.

Msalaba wako ni mzuri. Herufi nilizipaka mwenyewe. Ile ya mwisho ilitaka kutoka nje ya ubao, nikaibana.

Siitwi tena kwenye moto. Wiki iliyopita kulikuwa na kilio, wakampa kijana mwingine, akauwasha upande wa upepo, moshi ukawafukuza wote mpaka marehemu akabaki peke yake. Nilifurahi. Sio vizuri, lakini nilifurahi. Wakiniona njiani wanauliza, "Fiston, leo umepika nini?" Najibu. Unajua nina majibu. Lakini nikifika nyumbani hakuna wa kumsimulia jinsi nilivyojibu, na jibu lisilosimuliwa linaoza mdomoni.

Yule wa vigae saba alikufa mwezi wa pili. Sijui kwa nini. Nilimzika, sikuweka jiwe lolote. Watatu wapo, na yule waliyemwita wa sanduku njo anakula kuliko wote, anakanyaga wenzake, ana tabia yangu. Nilimpigia yule daktari kumuuliza kama migongo itanyooka wakikua. Akasema haitanyooka. Itakua nao tu, mistari ile ile, mikubwa zaidi. Na kobe anaishi, alisema. Atamzika Shemasi, atamzika Mama Josiane, mimi pia atanizika. Maana yake miaka yote hiyo kutakuwa na mtu wa kuinama uani na kuuliza: hawa wana nini mgongoni?

Usiniombe niwasamehe. Wenyewe hawajaomba, na mi sigawi kitu ambacho mtu hajanyoosha mkono.

Lakini hili nakuahidi. Kila atakayeinama na kuuliza, awe mtoto, awe mzungu, awe Mama Josiane mwenyewe akizeeka akajifanya amesahau, nitajibu mimi, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo: ni moto wangu, mi njo niliuwasha. Mdomo ninao, unaujua. Migongo ile ina jina langu. Lako liko kule kilimani kwenye ubao, peke yake, na hakuna atakayelishusha tena.

Nenda vizuri, Tantine. Ukilala, lala kweli.

Mi wako asiye na gamba,
Fiston